Pombe Aliyoionja Mwenye Nyumba

Siku ile niliporudi mlikuja mkikimbia, mmoja wenu akiwa na povu la sabuni masikioni. Mlinikuta nimekaa kizingitini, mizigo haijafunguliwa, nalia kwa sauti kama watu wa kwetu wanavyolia maiti inapoingia uani. Mkauliza nani amekufa. Sikuweza kujibu, mkaondoka mkisema Mhaya amekwenda kwao akarogwa. Sasa nimetulia. Naandika ili nisimulie mara moja tu, na hamtanisikia nikirudia tena mezani.

Habari za tiketi na foleni naziacha, maana ninyi watu wa reli hapa Tabora mnazijua kuliko mimi. Naanza na sababu ya safari. Dereva mmoja aliyeleta mzigo hapa alituambia, nanyi mlicheka, kwamba huko Muleba kuna nyumba ambayo watu wanasafiri kutoka mbali kwenda kunywa rubisi yake, pombe yetu ya ndizi, kwa sababu mwenye nyumba anayeionja kwanza alikufa vitani. Nyumba aliyoieleza, juu ya kilima kinachotazama ziwa, na mivule miwili nyuma yake, niliijua. Ilikuwa nyumba ya Respicius.

Tulikaa dawati moja sekondari. Likizo nilikwenda kwao, na nyuma ya mtumbwi wa baba yake, ule wa kukamulia ndizi kwa miguu, ndipo nilipoonja rubisi mara ya kwanza. Baadaye mimi nikaanza kuzurura nchi, yeye akarithi shamba. Vita vilipokuja alivuka mpaka na mgambo, na barua ikanifikia kwamba hakurudi. Sikuwahi kwenda kumlilia. Kwetu usipomlilia rafiki nyumbani kwake, msiba wake unabaki unakudai.

Melini

Meli ilitoka Mwanza vizuri, ikaja kukwama Kemondo, karibu kabisa na Bukoba. Haikuharibika. Ilikuwa inashusha majeneza. Miaka hii vijana wengi wa kwetu walioko mijini wanarudi hivyo, na watu gatini wamezoea kuyapokea. Jeneza moja lilibaki. Maji yalikuwa yamefuta jina lililoandikwa kwa chaki, na hakuna aliyejitokeza. Nahodha alikataa kung'oa nanga kabla halijapata mwenyewe. Tukakaa jua likapanda, likaanza kushuka, na lile jeneza likabaki gatini peke yake, watu wakilizunguka kwa mbali kama wanazunguka shimo.

Karibu yangu alikaa mvuvi wa Ukerewe, jina lake Magesa, anayefanya kazi visiwa vya Muleba. Alikuwa na sato wa kukaanga ndani ya gazeti na mihogo, tukala pamoja.

"Unashukia wapi, mzee?"

"Bukoba. Halafu nitakwenda Muleba, kuna nyumba ya rafiki yangu."

Nilipomtajia kilima alicheka hadi akapaliwa.

"Kumbe na wewe unafuata pombe ya marehemu! Sisi kisiwani tukipata samaki, siku ya pombe tunavuka wote. Mitumbwi inapangana pale chini kama gulio."

"Huogopi?"

"Niogope nini? Marehemu hana deni na mimi. Anavuta mrija wake, anakohoa kidogo, basi, sisi tunakunywa." Akalamba vidole. "Na ile pombe, mzee! Nimekunywa pombe za ziwa hili zote. Ile ni nyingine."

Nilimuuliza maiti anakohoaje. Akanitazama kama nimeuliza samaki anaogeleaje.

Mwishowe alikuja mama mmoja mzee, akalishika lile jeneza, akasema, "Huyu ni wangu." Mtu akamuuliza amejuaje. "Sijajua," akasema. "Lakini wangu hajaja, na huyu hana mtu." Wakambebea. Meli ikaondoka.

Kashozi

Kutoka Bukoba nilipanda kwanza Kashozi kumwona shangazi yangu Pelagia, dada wa baba, ndugu pekee wa rika lile aliyebaki. Nilitembea kwa miguu. Njia niliyoikumbuka ilikuwa na salamu kila mita chache, mtu akikuita kutoka migombani umwambie umeamkaje na unatoka wapi. Safari hii nilipita nyumba baada ya nyumba zilizofungwa. Migomba isiyo na mtu wa kuipogoa ilikuwa imejifunika majani yake makavu mpaka chini, imesimama kama watu waliojitanda. Mbele ya nyumba nyingine kulikuwa na udongo mpya wa makaburi.

Shangazi alinipa kahawa ya kutafuna kwanza, kama inavyopasa, halafu ndizi na maharage. Alinitazama nikila.

"Umenona," akasema. "Ni vizuri. Siku hizi mtu akikonda tu wanamtengea kikombe."

Ugonjwa wenyewe hakuutaja. Wengine waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuja kwa magendo kutoka ng'ambo, kwa sababu ulianza kwa watu wa biashara ile. Shangazi alisema tu "hii kitu."

Nilipomwambia nakwenda kwa Respicius kulia, aliacha kutafuna.

"Laurean, mwanangu, ulilie hapa. Nitakutandikia majani, ulie mpaka utosheke."

"Shangazi, kilio cha mtu ni nyumbani kwake."

"Nyumbani kwake hawalii tena. Walilia mara moja, wakamaliza." Akashusha sauti ingawa tulikuwa wawili. "Adventina mkewe ana watoto wake, ana wa shemeji zake waliokufa na hii kitu. Nyumba tatu zinakula kwa ile pombe. Kilima kizima kinakula. Ukienda kule, kunywa, sifu, ondoka. Usiulize kitu. Swali moja baya, watu wataacha kuja, na wale watoto watakula nini?"

Sikumwelewa. Nilidhani anaogopa nisije nikavunja uchawi.

Lori la kahawa

Lori lililonichukua kutoka Bukoba kwenda Muleba lilikuwa limetoka kushusha kahawa, likarudi na watu juu ya magunia matupu. Lilipasuka tairi kwenye mteremko mmoja wenye mawe, na la akiba nalo halikuwa na upepo. Utingo akaondoka kwa miguu kutafuta pampu. Sisi tukakaa kando ya barabara.

Kati yetu alikuwapo mwanamume mmoja mwembamba, shati linampwaya, amevaa koti juani. Alikuwa na ndizi za kuchoma kwenye jani. Akazikata, akatuzungushia kwa adabu, "Karibuni, waitu, ndugu zetu." Hakuna mkono ulionyooka. Mmoja alisema ameshiba. Mwingine akageuka kutazama tairi. Mama mmoja akamvuta mtoto wake karibu. Yule mwanamume alirudisha jani magotini, akala peke yake polepole, akitazama chini.

Mimi nilikuwa na njaa. Na mimi sikuchukua.

Tulipoanza tena safari, wale wale waliokuwa wameshiba walianza kupigana vikumbo kwa furaha. Kumbe nusu ya lori ilikuwa inakwenda kwenye pombe. Wawili walikuwa wametoka mjini Bukoba, mmoja karani, hata Muleba hajawahi kufika, ila rubisi ya pale ameisikia.

"Ni kweli kibuyu kinapungua?" karani akauliza.

"Utaona kwa macho yako," mwenyeji mmoja akamjibu. " Kinaingia kimejaa, kinatoka kimepungua vidole viwili. Na mrija una mate."

"Na mnakunywa baada ya hapo?"

"Tusinywe kwa nini? Mwenye nyumba ameonja, hakuna sumu."

Hapa niwaeleze ninyi msio wa kwetu. Mgeni kwetu hapewi pombe ainywe. Mwenye nyumba anavuta mrija kwanza, mbele yake, ili mgeni aone ni salama. Nyumba isiyo na mtu wa kuonja haina pombe ya kumpa mgeni, hata kama mtumbwi umejaa. Mjane hawezi kuonja mahali pa mume. Wa kwetu wangeinuka na kuondoka.

Yule mwembamba alishuka njiani mahali pasipokuwa na nyumba. Hakuna aliyemuaga.

Kilimani

Baada ya njia yote ile ya nyumba zilizofungwa, kile kilima kilinitisha kwa uhai wake. Mabati mapya yaling'aa. Migomba ilikuwa imepogolewa, chini pamefagiliwa. Kutoka ziwani mpaka juu palikuwa na njia iliyochimbwa na miguu ya wageni, na pembeni yake kila mtu na chake: mama wa senene waliokaangwa, mama wa dagaa, mzee wa kuziba baiskeli, fundi aliyekuwa akichonga mirija na kuuza vibuyu kwa wanaotaka kurudi navyo kwao. Kijana wa ukoo mwingine alikuwa amejenga banda la kulaza wageni wa mbali. Magesa alikuwa ameshafika, akanipungia.

Uani nilifika kama anavyofika mtu aliyechelewa msiba. Nilivua kofia, nikaweka mikono kichwani, nikafungua kinywa nilie. Mwanamke aliyekuwa akigawa vigoda aliacha kila kitu, akanijia mbio, akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Usilie," akaninong'oneza. "Ukilia hapa atasikia."

Huyu alikuwa Adventina. Nilimkumbuka bibi arusi wa kucheka ovyo, sasa uso umekaza. Aliponitambua macho yake yalitembea upande wa nyumba, akanisogezea kigoda bila neno.

Ta Klementi (Ta ni heshima yetu kwa mwanamume mzima), kaka mkubwa wa Respicius, ndiye aliyekuwa akisimamia mtumbwi. Alikuwa amekamua tangu jana yake, nyayo zake bado zina rangi ya ndizi mbivu. Alijaza kibuyu cha kwanza, akampa shemeji yake. Adventina akakibeba kwa mikono miwili, akaingia ndani, akafunga mlango.

Watu wote wakanyamaza, hata kuku. Wavuvi walivua kofia. Kutoka ndani, nyuma ya ukuta wa chumba cha mwisho, tulisikia kitu kama maji yanayovutwa kwenye tundu dogo. Kikakoma. Halafu kikohozi kikavu, mara mbili.

Adventina akatoka. Akainamisha kibuyu tuone. Kilikuwa kimepungua.

"Ahsante, mwenye nyumba!" watu wakaitika pamoja, na zogo likarudi.

Nilikunywa. Magesa hakudanganya. Ilikuwa na ule ukali wa mtama uliokaangwa na utamu unaochelewa nyuma, pombe ile ile ya nyuma ya mtumbwi. Wageni walipoanza kutawanyika, nikaenda kusimama ukutani, nyuma ya kile chumba, nikasema kwa sauti ya chini, kwa Kihaya, kwamba ni mimi, nimechelewa, anisamehe.

Ukuta ukajibu.

"Laurean. Bado unazurura tu?"

Chumba cha ndani

Miguu ndiyo iliyotaka kukimbia. Adventina alinishika mkono akaniingiza.

Alikuwa amelala juu ya mkeka mpya, blanketi hadi kifuani, na kilichobaki cha Respicius kilikuwa macho na meno. Alicheka aliponiona nimeganda mlangoni.

"Ingia. Mimi si mzimu. Mzimu ana nguvu kuliko mimi."

Walinisimulia kwa zamu, yeye akichoka mkewe anaendelea. Hakuuawa vitani. Alibaki ng'ambo akafanya biashara, miaka ikapita, ugonjwa ukamshika, akarudi kwa mtumbwi akiwa hivyo. Alikuta ameshaliliwa. Alikuta pia mkewe anaendesha pombe kwa jina lake: siku ya matanga Adventina alikuwa na mtumbwi umejaa na hakuna wa kuonja, akaingia na kibuyu ndani kwa uchungu tu, akamwaga kidogo sakafuni, akatoka nacho. Watu wakanywa. Wakarudi. Wakaleta wengine.

"Nilikuwa namwaga," Adventina akasema. "Alipokuja, siku ya kwanza akaniambia, leta, ni kazi yangu. Kile kikohozi ndicho kilicholeta wa Bukoba."

"Waambie watu uko hai," nikasema. "Wafurahi."

Respicius akamtazama mkewe, wakacheka wote wawili, kicheko kisicho na furaha.

"Shemeji," Adventina akasema, "wewe umekuja kwa lori. Umewaona. Maiti wanakunywa naye. Mgonjwa watakunywa naye?"

Nilikumbuka zile ndizi kwenye jani.

"Nimekufa vizuri sana, Laurean," Respicius akasema. "Ningekuwa hai hakuna ambaye angekanyaga uwanja huu. Sasa Klementi ana bati. Watoto wana viatu. Nikikohoa, kilima kinakula." Akapumzika. "Kitu kimoja tu kinanisumbua. Siku nikienda kweli, huyu hataweza kunililia. Nimeshaliliwa. Akipiga yowe, watauliza ni nani."

Akasogeza kibuyu chake kwangu, mrija ule ule.

"Kama zamani."

Kwetu hata wenye elimu wanaamini ugonjwa huu unaupata kwa kikombe. Mimi pia. Mkono wangu ulikuwa mzito kama umefungwa jiwe, naye aliuona, wala hakunisaidia kwa kusema acha. Nikavuta. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema darasani pia nilikuwa wa mwisho kuelewa.

Kibuyu kilichojaa

Nilikaa pale mpaka pombe iliyofuata ilipoiva. Mchana nilimsaidia Ta Klementi kufukia ndizi shimoni ziive, jioni nilikaa na Respicius tukitukana walimu wetu. Alikuwa anapungua mbele ya macho.

Siku ya pombe watu walikuja wengi kuliko mara ya kwanza. Mitumbwi ilijaa chini. Adventina akabeba kibuyu, akaingia, akafunga.

Hatukusikia maji yakivutwa.

Tulingoja. Mtoto akalia, akanyonyeshwa. Magesa akaanza kujikuna shingo. Karani wa Bukoba, aliyekuwa amerudi na wenzake, alitazama mlango huku ameuma mdomo.

Mlango ukafunguka. Adventina alisimama kizingitini na kibuyu mikononi, kimejaa hadi shingoni, mrija mkavu. Uso wake haukusema kitu. Lakini mimi na Klementi tulimwona anavyokishika, kama anavyoshikwa mtoto aliyelala.

"Vipi, mama," sauti ikatoka kwa wavuvi, "leo mwenye nyumba kakataa?"

Mtu mmoja akainuka. Mwingine akachukua kofia yake. Nilimwona mama wa senene anaanza kufunika ungo wake. Adventina alitazama njia ile iliyochimbwa na miguu, akatazama watoto waliokuwa wamekaa ukutani, kisha akaketi. Hakuketi kwenye kigoda chake. Aliketi kwenye kigoda cha mume, kile kilichokuwa kikiachwa wazi katikati ya uwanja. Akaweka kibuyu magotini, akavuta mrija, akavuta kwa muda mrefu, machozi yanashuka na yeye anavuta, mpaka pombe ikapungua vidole viwili.

"Mwenye nyumba ameonja," akasema. "Karibuni."

Hakuna aliyetikisika. Wazee wa kwetu walitazama chini; hilo halikuwahi kufanyika. Nikainuka mimi, nikavuta baada yake. Klementi akanifuata, na nyayo zake za ndizi. Halafu Magesa, asiye Mhaya na asiyejua alilokuwa anavunja, akaja akipangusa mikono.

"Mimi nilijua zamani," akasema kwa sauti, "mwenye pombe hii ni mama. Marehemu alikuwa anatusindikiza tu."

Mtu akacheka. Wengine wakasogea. Mmoja, wa nyuma kabisa, akasema, "Ahsante, mwenye nyumba," na wote wakaitika, wakimtazama yeye.

Uwanja ulipobaki mtupu, jua likizama nyuma ya vilima, tulimzika Respicius nyuma ya migomba, pale Klementi anapotupa majani ya kukamulia, ili udongo mpya usionekane. Tulikuwa watatu. Adventina alikuwa ameuma kanga. Hakutoa sauti. Nilisikia tu pumzi yake, ikivutwa kama kwenye tundu dogo.

Kurudi

Aliponisindikiza mpaka barabarani alinipa kahawa ya kutafuna kwenye kijifuko cha majani, akasema maneno ambayo sikuyatia maanani mpaka lori lilipoondoka.

"Shemeji, huku siwezi. Ukifika kwenu, mbali, mahali ambapo hakuna mtu anayemjua, umlilie badala yangu. Kwa sauti. Usione aibu."

Melini nilinyamaza. Kwenye treni nilinyamaza. Karibu yangu kulikuwa na watu kila mahali, na sikujua ni nani kati yao ana ndugu Muleba. Nikafika hapa, nikafungua mlango, nikaketi kizingitini, nikaweka mikono kichwani.

Ndipo mkaja mkikimbia na sabuni masikioni, mkauliza nani amekufa. Anaitwa Respicius. Kaeni nami kidogo, mlie.